Bahasha Zilizoshuka kwa Ndoo

Dukani, 2 Machi

Mdogo wangu, Bi Mawingu,

Hujambo huko juu? Hapa hatujambo, ila wifi yako amenuna kwa sababu barua yako iliyopita ilikuwa fupi. Alikwisha kuwaita wateja wawili na jirani wa duka la viatu waje wasikilize, akafungua, akakuta mistari sita. Nimemwambia barua ni yangu. Akanijibu kwamba barua ikishaingia nyumba hii ni ya nyumba.

Sasa nisikilize, nina jambo kubwa. Nimesoma gazetini kwamba barabara ya kupanda kituoni kwenu imekamilika, na ile ndoo yenu ya chuma inayotembea kwenye waya itaacha kubeba barua na mizigo tarehe 31 mwezi huu. Ulijua na hukuniambia! Wakusanyaji wenzangu wa bahasha wamekwisha kuniandikia kutoka pande tatu. Bahasha iliyoshuka kwa ndoo katika safari ya mwisho haitapatikana tena milele. Ninazo zilizosafiri kwa puto, kwa punda wa wapima ardhi, kwa meli ya hospitali, kwa gari moshi, kwa baiskeli za mashindano, na karibu zote umenitumia wewe ukiwa kazini au likizoni. Hii nikiikosa nitaugua.

Humu nimekuwekea bahasha moja tupu, stempu nimezibandika mwenyewe. Muhuri wa kituo uguse stempu lakini usizifunike. Yule mzee wa winchi anayeivuta ndoo atie saini pembeni kushoto, kwa wino, si kwa penseli. Ndani tia kipande cha karatasi ngumu ya manila ili isipinde njiani. Gundi usiilambe, tafadhali, tumia sponji kama binadamu. Anwani iandike wewe kwa hati yako nzuri, maana kalamu yangu siku hizi inaruka-ruka, nadhani ni wino mbaya.

Duka lipo. Saa za kutengenezwa zinaletwa, si nyingi kama zamani, lakini zinaletwa. Mimi ni mzima kabisa.

Kaka yako


Kituoni, 11 Machi

Kaka, Bwana Muhuri,

Shikamoo. Bahasha yako imepanda salama ndani ya gunia la unga. Nimeikung'uta, nimeifua, nimeianika kwenye kamba. Usizimie, nakutania. Iko kwenye droo yangu, kati ya vitabu viwili, na hakuna aliyeigusa.

Mzee wa winchi nimemwomba saini. Anasema miaka ishirini na tano amepandisha na kushusha ndoo hii na hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike jina lake popote ila kwenye daftari la mahudhurio. Sasa anafanya mazoezi kwenye mifuko ya saruji. Jana aliniuliza kama bahasha itawekwa kwenye makumbusho. Nikamwambia itawekwa kwenye kabati la kaka yangu. Akasema ni sawa tu, mradi kabati lina kitasa.

Kazi ni ile ile. Saa tatu nasoma vipimo vya hali ya hewa, saa sita nasoma, saa tisa nasoma, kisha narusha puto na kulifuatilia kwa darubini mpaka mawingu yalimeze. Makao makuu wametuletea fomu za mkataba mpya, miaka minne. Nitazisoma nikipata nafasi.

Mwambie Wifi hii ni ndefu, anaweza kuwaita watu.

Mdogo wako


Kituoni, 31 Machi
(ndani ya bahasha, nyuma ya manila)

Kaka,

Nakuandikia kwa ile njia yetu, kwa sababu barua za kawaida Wifi huzisoma dukani kwa sauti, lakini bahasha zako za kukusanya hakuna anayethubutu kuzishika. Ifungue kwa mvuke wa birika, kama ulivyokuwa ukifungua ripoti zetu za shule kabla baba hajarudi kutoka kazini, kisha uifunge tena. Hakuna atakayejua.

Zile barua sita za nyuma nilizoficha hivi nilikuomba usome tu, usinijibu, na kweli hukunijibu hata mara moja. Sijawahi kukushukuru. Kuna siku huku juu niliweza kupata usingizi kwa sababu tu nilijua kwamba wewe unajua. Hii ya leo ni tofauti. Hii naomba unijibu.

Nimechoka, Kaka. Kazi naipenda, nimechoka kula peke yangu. Mwenzangu wa zamu akishuka nakaa siku kumi bila kusikia sauti ya mtu ila ya mzee wa winchi kwenye simu ya kituo cha chini, naye ana maneno mawili, "inapanda" na "inashuka". Nina miaka arobaini na miwili. Nataka kurudi nyumbani. Naomba chumba cha juu, kile alichokuwa akilala mama. Nitafanya kazi yoyote, hata kufagia duka. Najua mimi na Wifi hatukuachana vizuri siku ya msiba. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza, peke yako.

Fomu ya miaka minne lazima niirudishe si zaidi ya tarehe 25 Aprili. Ukisema njoo, siisaini. Ukinyamaza nitaelewa kwamba haiwezekani, nitasaini, na hatutalizungumza tena. Sitakulaumu.

Ni mimi


Dukani, 9 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Imefika! Tarishi alipoitoa mfukoni niliruka, nikamwacha mteja na saa yake sikioni. Wifi yako alidhani nimeshinda bahati nasibu.

Sijui nianzie wapi. Muhuri umekaa mahali pake, tarehe inasomeka mpaka tarakimu ya mwisho, na pembe zote nne ziko kama zilivyotoka kiwandani. Kifuniko kimelala sawasawa, hongera kwa sponji. Saini ya mzee wa winchi imechukua robo nzima ya bahasha, ameandika mpaka cheo chake, lakini nimemsamehe, mtu aliyesubiri miaka ishirini na tano ana haki ya kujiachia. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji alikuja kuitazama kwa lenzi yake, akaniomba nimpe kwa kubadilishana na bahasha tatu zake. Nilimwonyesha mlango kwa adabu. Nimeiweka ukurasa wa katikati, peke yake, na kuandika maelezo chini yake.

Habari za hapa ni zile zile. Chumba cha juu wifi yako amekijaza vitambaa na cherehani, hakuna hata pa kuweka mguu. Anashona sijui nini, nikimuuliza ananiambia nikatengeneze saa.

Kuhusu ule mkataba mpya uliougusia, saini bila kusita. Una kazi nzuri, una hewa safi, una heshima yako. Mahali pako ni huko. Usije ukaiacha kwa ajili ya mtu yeyote, hata akikuambia anakuhitaji. Nakuambia kama kaka yako mkubwa, na nimelifikiria sana.

Ahsante tena kwa bahasha. Hujui umenifurahisha kiasi gani.

Kaka yako


Kituoni, 26 Aprili

Kaka,

Barua yako niliipata tarehe 18. Nimeisoma mara mbili.

Nimesaini, miaka minne. Fomu imeshuka jana kwa gari.

Nashukuru kwamba umenijibu wazi. Nilisema sitakulaumu na sikulaumu. Sidhani kama nitakuwa na bahasha nyingine za kukutumia, kwa sababu barua sasa zinashuka kwa barabara kama za watu wote.

Msalimie Wifi.

Mdogo wako


Dukani, 7 Mei

Mdogo wangu,

Lawama zipi? Nimeisoma barua yako, nimeigeuza, nimeangalia hata nyuma. Kama nimekukosea niambie kinagaubaga, mimi si mtu wa kufumbiwa. Kama ni uchovu, omba likizo ulale. Nimefurahi kwamba umesaini, ni uamuzi wa maana, na nimemwambia kila mtu hapa kwamba dada yangu ameongezewa miaka minne.

Halafu nani kakudanganya kwamba barabara haina thamani? Safari ya kwanza ya gari ni safari ya kwanza! Lakini usijisumbue kama hutaki.

Niandikie. Hata mistari sita.

Kaka yako


Dukani, 29 Mei

Wifi,

Usishtuke kuona hati usiyoijua. Tangu mama mkwe azikwe hatujaandikiana neno, na mimi ndiye niliyeanza, nilikuambia mbele za watu kwamba umefika sufuria zimekwisha kuoshwa. Hilo nalijua, na siku yake itafika tutalizungumza. Leo nina jingine.

Kaka yako si mzima. Mikono inamtetemeka, huu ni mwaka wa pili. Daktari ameupa ugonjwa jina refu na dawa ambayo sijaona ikifanya chochote. Skrubu za saa zinamdondoka, mimi napiga magoti na sumaku kuzitafuta sakafuni. Zile saa ndogo za wanawake hazipokei tena, anawaambia wateja springi hazipatikani. Springi zipo, Wifi, zimejaa droo mbili. Amenikataza nisikuambie. Kila nikimwambia, "Tumwite dada yako, ana vidole vyepesi na amekaa kwenye meza hii tangu ana miaka kumi," ananijibu, "Mwache, ameridhika, ana mlima wake."

Mimi sikumngoja. Tangu Februari nimetoa vitu chumba cha juu, nimekipaka chokaa. Vitambaa vilivyomo ni vya mapazia. Nashona mapazia ya dirisha lako, na mume wangu hawezi kutofautisha pazia na shuka, kwa hiyo siri imekaa. Nilijua ukijua hali yake utakuja tu, na nilikuwa nangoja siku ambayo ataacha ukaidi wake akakuandikia.

Wewe ukasaini miaka minne. Ukamwandikia mistari minane mikavu, na barua yake iliyofuata hukuijibu kabisa. Tangu siku hiyo hajaifungua albamu. Anakaa na lenzi jichoni bila saa mkononi. Mimi nina mdomo, nakubali, lakini ndugu yangu wa damu nisingemfanyia hivyo. Wewe una roho ya namna gani?

Wifi yako


Kituoni, 8 Juni

Wifi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Habari ya mikono yake sikuijua. Naapa sikuijua.

Lakini usinihukumu kabla ya kujua na wewe. Nilimwomba, Wifi. Nilimwomba kwa maandishi, kwa maneno ya kujishusha ambayo sijawahi kumwambia mtu, anipe chumba cha mama nirudi. Nilimwambia akisema njoo, sisaini. Akanijibu kwa kusifu muhuri. Akaniambia chumba hakina pa kuweka mguu, nisaini bila kusita, mahali pangu ni huku. Wewe ungeelewaje?

Ombi langu lilikuwa ndani ya ile bahasha ya ndoo ya mwisho. Nililipitisha huko kwa sababu ulikuwa unawasomea wateja barua zangu, samahani, lakini ndiyo sababu. Si mara ya kwanza. Kwa miaka sita nimemwandikia hivyo mara saba. Mambo mengine ni mazito, na yeye ameyasoma yote na kuyatunza kimya, kwa kuwa ndivyo nilivyomwomba. Kwa hiyo nilipopata jibu lile sikuwa na shaka yoyote. Muulize. Mwambie akuonyeshe.

Wifi yako


Dukani, 16 Juni

Wifi yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi, kwa sababu chumbani yuko yeye na amefunga mlango.

Barua yako ilifika jana asubuhi. Safari hii sikumwita mtu. Niliisoma nyuma ya kabati, nikaenda moja kwa moja mezani kwake, nikamuuliza, "Dada yako alikuomba chumba ukamnyima?" Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikamwambia, "Kwenye bahasha ya ndoo." Akasema, "Kwenye bahasha ya ndoo kuna manila."

Nikamwambia alete albamu. Akaileta huku akinielekeza niiwekee kitambaa chini, nisiishike kwa mikono mitupu. Nilikuwa na mkasi wangu wa kukatia vitambaa kiunoni. Nilipouchomoa alipiga kelele mpaka yule wa viatu akachungulia. "Haijafunguliwa hiyo! Haifunguliwi!" Ndipo nilipoelewa, Wifi. Nilisimama na mkasi mkononi nikamuuliza taratibu kama amewahi kufungua hata moja. Akasema kwa mshangao wa kweli, "Nani anafungua bahasha ya kukusanya?"

Hajawahi. Hata moja. Kwa wakusanyaji iliyofunguliwa ni takataka, hawaitazami mara mbili. Hilo birika la ripoti za shule alikuwa amelisahau kabisa, na nilipomkumbusha alishika kichwa.

Nilikata. Ilitoka manila, na nyuma yake karatasi yako. Alisoma akiwa amesimama, kisha nikamsogezea kiti. Halafu yeye mwenyewe akaenda kabatini akatoa zote. Ziko arobaini na moja. Mikono ilikuwa inamtetemeka vibaya, kwa hiyo nilikata mimi na yeye akavuta. Tulifanya kazi hiyo mchana kutwa na duka tukalifunga. Sakafu imejaa manila. Saba zilikuwa na barua, kama ulivyosema.

Naomba radhi kwa kuwasomea watu barua zako. Nilijua zinachekesha na nilipenda watu wajue nina wifi anayejua kuandika. Sikujua kwamba nakufungia mlango. Na kwa maneno ya siku ya msiba naomba radhi pia, hilo ningepaswa kuliandika mstari wa kwanza.

Amesoma zote. Mimi nimesoma mbili tu, nyingine alizikunja akaweka mfukoni. Tangu jana ameniomba kitu kimoja tu, karatasi nyingi.

Wifi yako


Dukani, 24 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika kwa siku nane. Wifi yako alitaka kuniandikia, nikakataa. Herufi ni kubwa na zinayumba, utanisamehe. Wino ulikuwa mzuri siku zote.

Sikukuambia kwamba mkusanyaji hafungui kwa sababu nilidhani kila mtu anajua. Huo ndio ujinga wangu wote, sina mwingine wa kujitetea nao. Bahasha zako nilizishika kwa kibano. Nilizitazama kwa lenzi mpaka macho yakauma, nikapima mwanya kati ya stempu na ukingo, na sikujiuliza hata siku moja kama ndani kuna mtu anazungumza nami. Wewe ulidhani nanyamaza kwa heshima. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu sikuwa nimesikia.

Sasa nakujibu. Najua uliomba usijibiwe, lakini miaka sita imetosha.

Barua ya ndani ya bahasha ya puto. Ulitaka kujua kama mama alikutaja siku zake za mwisho, kwa kuwa waya wa ndoo ulikuwa umekatika na hukuwahi. Alikutaja. Aliuliza kama huko juu una sweta. Nikamwambia unalo. Akasema lile limechakaa, mtafutieni jingine. Hayo aliyasema siku mbili kabla hajafariki, na akili yake ilikuwa timamu. Nilidhani hutaki kumzungumzia mama, kwa kuwa hukuwahi kuuliza.

Ya baiskeli. Kumbe ni wewe uliyeivunja saa ya mwalimu mkuu! Nilichapwa mimi, fimbo sita, na baba akanipokonya bisibisi mwezi mzima. Tutaonana.

Ya punda. Hii wifi yako aliisoma kabla yangu, na sehemu zinazomhusu alizisoma mara mbili. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Anasema mengi ni kweli ila kuhusu sauti yake umetia chumvi. Mimi sitii neno.

Zile mbili za gari moshi nitakujibu ana kwa ana, ni za kuongea zaidi.

Ya meli ya hospitali. Hii nimeirudia siku tano kati ya nane. Umeandika kwamba ulijifungua kwenye hospitali ile ya ziwani, kwamba baba yake alikuwa amekwisha kuhamia kazi nyingine na hukutaka kumtafuta, na kwamba mtoto aliishi siku kumi na moja. Umeandika, "Usijibu, ujue tu." Sikujua. Bahasha hiyo, mdogo wangu, nilipata nayo nishani ya shaba kwenye maonyesho. Nilisimama kando yake siku mbili nikiwaeleza wageni rangi ya wino wa muhuri. Tarehe yake naijua kwa kichwa mpaka leo. Nilikuwa mjomba kwa siku kumi na moja, na wiki ile ile nilikuandikia kwamba pembe za bahasha hazijaumia.

Naomba kukuuliza jambo moja, na kama ni zito uliache. Alikuwa wa kike au wa kiume? Hukuandika.

Ya ndoo. Njoo. Ningekuambia njoo tarehe tisa Aprili, ningekuambia njoo tangu mwaka jana. Nilikusukuma usaini kwa sababu nilidhani una furaha, na sikutaka urudi kuokota skrubu za mgonjwa. Nakuhitaji. Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliandika hapa. Njoo hata kama ni baada ya hiyo miaka minne. Chumba ni chako, na nimeambiwa kwamba vile vitambaa ni mapazia.

Kaka yako


Kituoni, 5 Julai

Kaka, na Wifi pia,

Hii isomeni nyote wawili, lakini mlango wa duka ukiwa umefungwa.

Nilikasirika siku tatu. Sitawaficha. Nilikwenda kusoma kipima mvua nikakisoma vibaya, nikalazimika kurudi mara ya pili, na njiani nilikuwa nasema kwa sauti kwamba miaka sita nimekuwa nikizungumza na kabati. Siku ya nne nikaanza kucheka nikiwa napiga mswaki, nikamkumbuka Wifi na mkasi wake, nikacheka mpaka mwenzangu wa zamu akagonga mlango kuuliza kuna nini. Kaka, ungenifundisha tu. Neno moja, "hatufungui". Lakini na mimi ningeweza kukuuliza mara moja, badala ya kujificha nyuma ya manila.

Wifi, nimekusamehe, na wewe nisamehe. Kuhusu sauti yako sikutia chumvi.

Nimewaandikia makao makuu kuomba nitoke kwenye mkataba. Mkuu wangu huko aliniuliza ni mtu gani anasaini miaka minne akakaa miezi miwili. Nikamweleza habari ya mikono ya kaka yangu, hakubishana tena. Wamekubali, ila nikae mpaka mwisho wa Septemba nimfundishe atakayepokea vyombo. Tarehe moja Oktoba nashuka. Zile saa ndogo za wanawake mzipokee, mwambieni kila anayeleta kwamba zitakuwa tayari Oktoba. Kaka utanielekeza kwa mdomo na mimi nitashika kibano. Mapazia yasiwe mazito, napenda chumba chenye mwanga.

Umeniuliza swali na nitakujibu.

Wa kike. Alizaliwa Jumanne mchana. Alikuwa na nywele nyingi mpaka muuguzi akazichana na kuniletea nione. Alikuwa akishika kidole changu na kukivuta, hakuwa mnyonge hata kidogo, ilikuwa kifua tu. Nilimzika huko huko, nikapanda meli siku ya pili kurudi kazini, na bahasha yako ilikuwa kwenye gunia la barua la meli hiyo hiyo.

Miaka mitatu hii nimejipa moyo kwamba yuko mtu mmoja anayejua kwamba aliishi. Kumbe hakuwapo mtu, nilikuwa peke yangu naye. Sasa tuko watatu tunaomjua.

Mdogo wenu